Mama Mkwe Hakimbii

Berthe Kabamba akitembea, watu hupisha, hata hapa Brussels ambako hakuna anayempisha mtu. Si mrefu, wala si mnene wa kuziba njia. Ni ile namna yake ya kukanyaga: mgongo wima, kitenge kimefungwa kikafungika, macho mbele. Mimi naishi ghorofa moja juu yake huku Schaerbeek tangu watoto wetu wakiwa shule ya msingi, na sijawahi hata mara moja kumtangulia kufika kituo cha tramu. Nami ni mtu wa Butembo, nimezaliwa milimani, miguu ninayo. Yeye ni Mluba wa Lubumbashi, mji wa tambarare, na bado huniacha nyuma akinisuta kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Kasoki! Ile milima ya kwenu, ulikuwa unaipanda ao unaiangaliaka tu?"

Kwa hiyo mwaka jana alipoanza kukaa kwenye ngazi kabla ya kufika mlangoni pake, nilidhani ananitania. Haikuwa mzaha. Miguu ilivimba. Kazini, kwenye duka la kupiga pasi nguo za watu, akawa anaomba kiti, na Berthe si mtu wa kuomba kiti. Madaktari wakasema moyo umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa. Wakampa dawa, wakamkataza chumvi, wakampumzisha kazi. Kisha daktari wake, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini aitwaye Lina, akamwomba aingie kwenye utafiti wa hospitali.

Walitaka kujua kama mtu mwenye moyo dhaifu, akifanyishwa mazoezi ya kiasi mbele ya watu wanaojua, anapata nguvu kuliko yule anayeambiwa akae nyumbani apumzike. Na hao wanaojua, kwa sehemu kubwa, walikuwa wanafunzi. Vijana wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, wanaosomea mazoezi ya mwili, wenye fulana nyeupe na viatu vya raba. Wao ndio waliomkalisha mgonjwa kwenye baiskeli isiyokwenda popote, wakampima presha, wakamwuliza anachoka kiasi gani. Daktari alikuwa anapita na kuangalia.

Berthe alipandisha ngazi kuja kwangu siku hiyo, akipumzika kila baada ya hatua chache, amekunja uso.

"Batoto, Kasoki. Batoto ya bac trois njo bataniangalia roho yangu." Kwao moyo ni roho, neno ni hilo hilo, na njo ni ndio.

"Si umeshakubali?"

"Nilikubali mbele ya kuona sura yabo. Kuko moja hata ndevu haina."

Lakini alikwenda, na haukupita muda akaanza kupenda. Alipenda hasa binti mmoja, Abigaël, mtoto wa watu wa Goma aliyezaliwa hapa hapa, anayejua Kiswahili cha jikoni kwa mama yake. Abigaël ndiye aliyempima siku ya kwanza. Kipimo chenyewe ni rahisi hata mtoto angekitunga. Kuna korido ndefu, koni mbili za rangi ya machungwa, moja kila mwisho, nawe kwa dakika sita unakwenda na kurudi kwa kasi yote uliyo nayo bila kukimbia. Wanapima umefika umbali gani. Mwanafunzi anasimama na saa mkononi, na kila dakika anakwambia maneno aliyoyakariri: unaendelea vizuri, zimebaki kadhaa, endelea hivyo hivyo. Maneno ni yale yale kwa kila mgonjwa, hayazidi hayapungui, kwa sababu mtu anayetiwa moyo huenda mbali kuliko anayenyamaziwa. Hata kutabasamu wamekatazwa kuzidisha.

"Bazungu banapima mpaka kicheko," Berthe aliniambia, akacheka mwenyewe. Lakini siku hiyo alitembea vizuri, akampita mzee mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa akienda zake chooni, na jambo hilo alilisimulia wiki nzima.

Basi mazoezi yakaendelea, na mimi kwa macho yangu nikaona ngazi zinamkubali tena. Akaanza kunisuta upya. Niliposutwa mara ya kwanza baada ya miezi yote ile, nilishukuru Mungu, ingawa sikumwambia.

Katikati ya hayo ndipo alipoingia Hénock.

Emmanuella, binti mkubwa wa Berthe, anaimba kwaya ya kanisa letu kule Koekelberg. Hénock anapiga gitaa la besi. Mengine unayajua. Kijana ni mpole, Mluba kama wao, wazazi wa Kamina, na wajomba zake walikuja Jumapili moja baada ya ibada kujitambulisha rasmi. Berthe alikaa chumbani muda wote, maana wanaozungumza siku hiyo ni wajomba na baba wadogo. Mimi nilikuwa jikoni na sambusa. Wageni walipokuwa wanaondoka, Hénock na Berthe wakakutana uso kwa uso kwenye kijia cha kwenda mlangoni, bahati mbaya tu, na yule kijana akageuka akaupa uso wake ukuta, akabaki hivyo mpaka mama mkwe alipokwisha kupita.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Hata kwetu Wanande mkwe huheshimiwa, lakini hatufiki mahali pa kusalimiana na kuta. Berthe alikasirika kweli kweli.

"Unacheka nini? Haya si mambo ya kucheka. Mukwe hanigusake, hatukulake pamoja, hatuangalianake mu macho, mpaka siku batatoa vitu vya kufungula njia. Na mi pia niko na sheria yangu. Hawezi kuniona nimefungula kitenge, ninatoka jasho, nahema na kinywa wazi. Mama mukwe hakimbiake, Kasoki. Andika ile mu kichwa."

"Na moto ukiwaka nyumbani?"

"Anatoka yeye kwanza. Mi ninakuja nyuma, polepole."

Alijua kwamba Hénock yuko chuo kikuu. Emmanuella alikuwa amesema anasoma mambo ya michezo, na Berthe alijua michezo ni mpira.

Siku ya kipimo cha pili nilimsindikiza hospitalini kama kawaida. Katika utafiti ule mgonjwa hana jina mbele ya wanafunzi, ana namba tu, ili siri yake isitembee. Tukakaa kwenye viti vya kungojea, Berthe amevaa suruali ya mazoezi na kitenge juu yake, viatu vya raba vimefungwa. Mlango ukafunguliwa, kijana akatoa kichwa, akaita namba kwa Kifaransa safi. Berthe akasimama.

Alikuwa Hénock. Muhula mpya ulikuwa umeanza, na alikuwa amepangiwa mafunzo ya kazi pale pale.

Sijui nani alishtuka zaidi. Kijana aliangusha macho mpaka kwenye viatu vyake. Berthe akavuta kitenge chini kidogo, akasimama kama yuko kanisani.

"Kasoki," alisema, Hénock akiwa hatua mbili kutoka kwake, "mwambie ninamusalimia."

Nikamwambia.

"Aksanti, maman Kasoki. Umwambie ninaitikia, na bon, kama anapenda, tuende mu corridor."

Nikamwambia na huyo naye. Wakaondoka, kijana mbele kwa mbali, mama nyuma, mlango ukafungwa. Nikabaki na mkoba wa Berthe mapajani nikicheka peke yangu, hata Mzungu mmoja akahama kiti.

Walipomaliza, Berthe alitoka hana hata tone la jasho.

"Imeenda?"

"Imeenda."

Siku chache baadaye Daktari Lina akapiga simu. Nilikuwa nimekaa hapo hapo kwa Berthe, tunachambua maharage. Nilimwona uso ukimwanguka kidogo kidogo. Alisema oui, oui, akaweka simu juu ya maharage.

Alikuwa ametembea pungufu kwa karibu robo ya alivyotembea mara ya kwanza. Baada ya miezi ya mazoezi, badala ya kupanda ameshuka, na mwenye moyo kama wake akishuka hivyo, daktari anaona hatari. Baiskeli isimame mara moja. Aje apigwe picha ya moyo, halafu huenda wakamlaza na kumpandikizia kifaa chini ya ngozi ya kifua cha kuusaidia moyo kupiga.

Swali la kwanza kunitoka mdomoni lilikuwa lile lile ambalo wewe unajiuliza sasa. "Berthe, hukutembea polepole kwa sababu ya mkwe?"

Aliniangalia kwa macho makali. "Unazani mi niko mujinga? Nitacheza na roho yangu sababu ya mutoto mwenye fulana? Nilitembea vile ninatembeaka siku yote."

Alivyosema ilikuwa kweli tupu kwake, nami nikamwamini. Tena mambo yakathibitisha. Tangu simu ile, ngazi zikamshinda upya. Kifua kilimbana, alishika ukuta. Mtu akiambiwa moyo wake unakufa, moyo hujitahidi kutii. Akaacha kutoka. Siku moja akafungua kabati akanionyesha kitenge cha bluu, kile cha harusi ya dada yake, akasema ndicho azikwe nacho. Kisha akaanza kunieleza nani atakaa mahali pa mama siku ya ndoa ya Emmanuella.

"Utakuwa wewe," alisema. "Mi nilisha kuambia mutoto."

Nikafoka. Mimi nikimhofia mtu nakuwa mkali, ndivyo nilivyoumbwa. Nilimwambia mimi sikai mahali pa mtu aliye hai, kwamba Waluba wanapenda matanga kabla ya maiti, na kwamba kitenge chenyewe kimeliwa na nondo. Alinyamaza tu. Berthe kunyamaza baada ya kutukaniwa kitenge! Hapo ndipo hofu iliponishika sawasawa. Nikaenda kwangu nikalia na taulo mdomoni ili asisikie kupitia sakafu.

Mimi nafanya usafi kwenye ofisi za mtaa wa Ulaya. Tunamaliza wakati wenye tai wanaingia. Asubuhi moja natoka, nakuta Hénock amesimama kwenye mlango wa metro Schuman, begi mgongoni, midomo imekauka.

"Maman Kasoki, samahani. Siwezi kuya kwako, sababu yeye iko ku étage ya chini. Njo nakungojea hapa."

"Kuna nini tena?"

Akasema huku anaangalia ngazi zinazoshuka kwenye treni.

"Mi njo nilipima. Na mi sikupima muzuri. Kila minute nilipashwa kumuambia 'c'est très bien, continuez.' Sikusema hata moja. Nitamuambia je mama mukwe 'continuez', endelea? Ile ni kumutuma. Nilisimama ku mwisho, nikaangalia ukuta. Nilikuwa nasikia tu viatu. Na viatu, maman, vilikuwa vinaenda polepole, polepole, kama muntu anaenda kupokea komunyo. Ile pince, kibanio ya kidole, alijivalisha yeye peke yake. Tension, ile presha, alijifunga yeye, mi nikasoma kwa mbali."

"Kwa hiyo?"

"Donc ile chiffre ya kipimo haiko ya roho. Ile chiffre ni ya heshima."

Nilihisi damu inanipanda kichwani, nusu furaha nusu hasira, sikujua ipi itangulie. "Na ulimwambia nani?"

"Muntu hata moja. Jana mu réunion docteur Lina alisema batamulaza, batamutiya machine. Bote bakakubali. Mi nilikuwa naikala pale nao. Nilifungula kinywa, nikakifunga. Nitasemea mbele ya bantu bote namna gani mama mukwe wangu anatembeaka? Bila ruhusa? Alors nilikuya kukuomba, wewe njo unapitishaka maneno. Umuombee ruhusa."

"Ruhusa!" Walinzi wawili wakageuka, na bwana mmoja mwenye kadi shingoni akasimama kabisa. "Wanataka kumpasua kifua, wewe unatafuta ruhusa? Heshima si utumwa, Hénock! Akifa utamheshimu wapi?"

Alikaza kamba za begi kama mtoto wa shule, na hasira ikanipungua. Nikamwuliza watamfanya nini akisema.

"Pengine batanitosha mu stage, batanifukuza. Batasema sikupashwa kupima muntu ninajua. Haizuru. Njo ukweli."

Alikuwa na miaka ishirini na kidogo, amevuka nusu ya mji ili kuniomba ruhusa ya kufanya jambo ambalo lingemharibia masomo. Kumbe alikuwa ameshaamua. Alichotaka ni mtu mzima amwambie kwamba si utovu wa adabu.

"Ruhusa nimekupa mimi," nikamwambia. Sikuwa nayo, lakini nilimpa. "Nenda sasa hivi. Usingoje mkutano."

Akashuka ngazi mbio.

Yaliyotokea huko alitusimulia Abigaël baadaye. Daktari Lina alikuwa na wanafunzi wengine mezani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo kwamba mgonjwa ni jamaa yake, na sheria ya utafiti ni kwamba jamaa hapimwi na jamaa. Hénock akajibu kwamba bado si jamaa yake, ndoa haijafungwa. Kama si jamaa, mbona ulishindwa kumwangalia? Hapo Hénock hakuwa na jibu la Kifaransa. Mwanafunzi mmoja akacheka. Daktari hakucheka. Akasema huyu mama apimwe upya kabla mtu yeyote hajamgusa.

Mimi nilikuwa nimekwenda moja kwa moja kwa Berthe. Kwanza aliruka.

"Anaenda kunisema mbele ya bazungu? Namna ninatembeaka?"

"Anaenda kukuokoa, mjinga wewe."

Akakaa. Aliweka mikono juu ya meza, akaangalia dirisha.

"Kasoki, mi sikujua," alisema. "Nakuapia. Pale ku koni ya kwanza nilitaka kwenda. Nilijiambia Berthe, enda. Miguu ikakataa. Nikazani ni roho."

Miaka hamsini na kitu ya kulelewa vizuri ilikuwa miguuni mwake, na miguu haikumwomba ushauri.

"Na kama mutoto anajidanganya?" akauliza. "Kama ni roho kweli?"

Hilo ndilo lilitunyima usingizi. Hofu tulikuwa tumeshaizoea. Tumaini ndilo jipya, na lilituuma.

Siku ya kurudia kipimo hospitalini, Abigaël alikuja mwenyewe kutupokea mlangoni. Alituingiza sote wawili, kwa ruhusa ya daktari, mimi nikae kwenye kiti mwisho wa korido nifunge mdomo. Berthe akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Ule iko wapi?"

"Iko chini, maman, anapangusa bavélo, zile baiskeli. Hatapanda. Docteur alimukataza."

"Funga mulango."

Abigaël akafunga. Berthe akafungua kitenge chake, akanikunjia mikononi, akabaki na suruali ya mazoezi. Abigaël akambana kidole kwa kile kibanio, akamfunga presha, akamweleza upya kama vile hajawahi kusikia. Kisha akabonyeza saa.

Mzunguko wa kwanza alikwenda polepole. Niliona mabega yake yamekaza, na anapokaribia kila mlango wa pembeni anakishika kitenge ambacho hakipo. Nikasema moyoni, basi, ni kweli, ni moyo.

"C'est très bien, maman," Abigaël akasema, kwa sauti ile ile anayomwambia kila mtu. "Continuez."

Sikuweza kuamini kwamba maneno makavu vile yanaweza kufanya kazi. Berthe aliinua kidevu. Mguu ukatoka, wa pili ukaufuata, mikono ikaanza kupiga hewa. Akaizunguka koni bila kuiangalia. Akanipita kwa upepo. Alivyorudi nikaona kipaji cha uso kinang'aa, na kufika katikati jasho lilikuwa linashuka shingoni, kinywa wazi, anahema kwa sauti, sidiria imemhama, na hakuna hata kimoja alichokijali. Nilikiingiza kitenge kinywani nikakiuma nisije nikapiga vigelegele na kuharibu utafiti wa watu. Saa ilipolia alikuwa ameinama mikono magotini, makalio juu, namna ambayo hakuna mkwe wa Kiluba aliyewahi kumwona mama mkwe wake tangu dunia iumbwe.

"Nimefika wapi?" aliuliza akiwa ameinama hivyo hivyo.

Abigaël hakuruhusiwa kusema. Lakini alikuwa anakodoa macho sana juu, kwenye taa, kama mtu anayezuia machozi yasimwagike.

Wakampeleka kwenye picha ya moyo. Mimi nikangoja. Sijui niliomba nini, nadhani nilikuwa namtishia Mungu. Hatimaye tukaitwa, Daktari Lina akakaa mbele yetu, akavua miwani.

"Mama Kabamba, umetembea zaidi kuliko siku ya kwanza. Zaidi sana. Na moyo wako kwenye picha unasukuma vizuri kuliko ulipokuja. Hakuna kulazwa. Hakuna kifaa. Wiki ijayo urudi kwenye baiskeli."

"Rudia," Berthe akamwambia.

Akarudia.

"Tena moja."

Akarudia mara ya tatu, anatabasamu sasa, hakuna aliyemkataza. Mimi nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Kifua changu, ambacho hakuna aliyekipima, kilifunguka, nikavuta pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku ya maharage. Berthe alikuwa analia na kucheka pamoja. Alisimama akamkumbatia daktari, na kile kimama chembamba kikapotea kifuani mwake.

"Lakini kwa nini hukuniambia?" daktari akauliza alipopata hewa.

"Docteur, kama miguu yangu mwenyewe haikuniambia mimi, wewe ningekuambia nini?"

Kuhusu Hénock, daktari alisema ameshamkaripia inavyostahili. Atabaki, lakini hatapima tena mtu yeyote kabla ya kuulizwa wanafahamiana vipi. Berthe alisikiliza akiangalia dirishani kana kwamba anazungumziwa mtu asiyemjua. Alichofanya ni kunipokonya kitenge chake, akajifunga upya.

Tukatoka. Jua lilikuwa limetoka pia, lile jua jembamba la hapa ambalo watu hulivulia makoti. Berthe alitembea kwenda kituoni, nami nyuma yake nikihema, na hakunisuta hata kidogo, alikuwa na mengine kichwani.

Hénock alikuwa amesimama ng'ambo ya reli, kwenye kituo cha upande wa pili, ambacho hakielekei kwao. Alikuwa ametoka kazini muda mrefu. Hakujua chochote. Matokeo ni ya mgonjwa peke yake, na Abigaël, pamoja na urafiki wao, alikuwa amekataa kumwambia. Alituona, akaangusha macho.

Berthe akasimama.

"Kasoki, enda umwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie roho ni muzima. Na mwambie mama anasema aksanti, sababu alisema."

"Si hatua chache hizo? Mwambie mwenyewe leo, baada ya yote haya."

"Kasoki."

Nikavuka reli. Nilimwambia neno kwa neno, kwa lafudhi yake, sikuongeza la kwangu, na kwangu hilo si jambo dogo. Hénock aliuliza, "Kweli?" mara moja tu. Kisha akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kumtetemeka, begi linapanda na kushuka, sauti ikamtoka pale pale kituoni mbele ya watu na mikoba yao.

Sikujua nimfanye nini. Nikageuka nimwite Berthe, aje basi hata amshike mkono huyu mtoto. Alikuwa ameshatupa mgongo. Alisimama wima akitazama kioo cha kibanda cha kituo, kitenge kimefungwa kikafungika, na hakugeuka, kwa sababu mama mkwe hamtazami mkwe wake akilia. Alisimama hivyo muda wote ambao kijana aliuhitaji.

Tramu ilipofika tukapanda sisi. Yeye alivuka reli hadi upande wa kwao, akangoja inayofuata.